Gari la koperative lenye turbo: freni inavuta hewa yake wapi?



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mbegu, mihogo na ghala. Leo tunafungua kifuniko cha motere. Sababu ni nyepesi: mahindi yako hata yakiwa mazuri namna gani, yakibaki Kirungu ao Nyunzu hayana bei. Sharti yafike Kalemie, sokoni ao bandarini. Na mara nyingi yanafika ndani ya pickup iliyojaa, na watu wameketi juu ya mifuko. Freni ya gari hiyo ni jambo la koperative nzima, siyo la shofere peke yake.

Kuna makoperative yanayonunua gari la mazutu lenye turbo. Mengine yana Land Cruiser ya zamani yenye motere 1HZ, ile ya lita 4,2 na silinda 6, ambayo haikutoka kiwandani na turbo, lakini wanafungisha turbo baadaye ili ipande milima vizuri. Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa vizuri inasaidia. Lakini ndani yake kuna swali moja ambalo wengi wanalipita mbio: tiyo ya mpira inayovuta hewa kwa ajili ya freni, tuifunge wapi? Chini ya kifuniko kuna midomo midogo mingi inayofanana. Yote inapokea tiyo. Lakini kwa freni, mmoja tu njo unaofaa.

Hewa inasaidia mguu wa shofere

Nyuma ya motere, mbele ya pedali ya freni, utaona kitu cha chuma cha mviringo kama sufuria lililofunikwa. Mafundi wanakiita servo. Ndani yake kuna ngozi ya mpira inayogawanya chumba mara mbili. Upande wa mbele hewa imenyonywa, imebaki kidogo sana. Shofere akikanyaga pedali, mlango mdogo unafunguka na hewa ya nje inaingia upande wa nyuma. Hewa hiyo inasukuma ngozi kwenda mbele, na ngozi inasaidia mguu kusukuma mafuta ya freni.

Ukitaka kuelewa, chukua chupa ya plastiki ya maji, weka mdomo, nyonya hewa yake. Chupa inajikunja. Siyo wewe uliyeikunja kwa mkono, ni hewa ya nje iliyoisukuma, juu ya ndani hakuna tena hewa ya kushindana nayo. Servo inafanya kazi namna ile ile.

Na nguvu hiyo siyo ndogo. Tuchukue servo yenye upana wa sentimetre 25. Ngozi yake ina karibu sentimetre za mraba 490. Ikiwa hewa iliyonyonywa inaleta tofauti ya bar 0,7 kati ya pande mbili, nguvu inayosukuma inafika karibu kilo 350. Ni sawa na mifuko saba ya mahindi ya kilo 50 inayosaidia mguu wa shofere. Ondoa mvuto ule wa hewa, mifuko saba imeondoka. Freni haijakufa, lakini pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu wa mtu peke yake hautoshi kusimamisha gari lililojaa kwenye mteremko.

Tuseme tena neno moja: kamio kubwa zinazotumia freni za hewa iliyoshindiliwa haziko ndani ya somo hili. Tunazungumzia pickup, jeep na kamio ndogo zenye servo.

Esanse, mazutu, turbo: motere tatu, hewa tatu

Motere ya esanse isiyo na turbo inanyonya hewa kupitia mlango mdogo unaofunguka wakati shofere anakanyaga mafuta. Mlango ukiwa umefungwa, pistoni zinanyonya lakini hewa haipiti vizuri. Kwa hiyo nyuma ya mlango, ndani ya bomba linalogawa hewa kwa silinda zote, mnakuwa mvuto mkubwa. Kwenye motere ya esanse, tiyo ya servo inafungwa pale, na inafanya kazi vizuri. Fundi aliyejifunza kazi kwenye magari ya esanse anaizoea tabia hiyo.

Motere ya mazutu haiko vile. Mara nyingi haina mlango wa kuzuia hewa. Inaacha hewa iingie yote, na nguvu inapimwa kwa mazutu tu. Kuna motere mpya za mazutu zenye mlango huo, lakini hauwekwi juu ya freni. Kwa hiyo ndani ya bomba la kugawa hewa hakuna mvuto wa kutosha. Njo maana watengenezaji wameweka pompi ya pekee inayonyonya hewa. Mafundi wanaiita pompi ya vide. Inazungushwa na motere yenyewe. Kwenye Hilux zenye motere 2L na 3L, pompi hiyo imefungwa nyuma ya alternata. Kwenye motere nyingine iko pahali pengine, lakini kazi ni ile ile.

Turbo inaongeza jambo la tatu. Turbo ni kama pompi ya kinga: inashindilia hewa na kuisukuma ndani ya motere. Wakati gari linapanda na mzigo, bomba la kugawa hewa halinyonyi, linasukuma. Kwenye turbo nyingi za magari yetu msukumo unaweza kufika nusu bar, hata bar moja, juu ya hewa ya kawaida. Mtu anayefunga tiyo ya servo pale anatafuta maji ya kunywa kwenye bomba la kutupa maji. Kazi ya bomba lile ni kusukuma.

Midomo minne, na kila mmoja na kazi yake

Tuipitie mmoja mmoja, ili memba wa komite akisimama garajini ajue anaona nini.

*Mdomo wa kwanza: kwenye bomba la kugawa hewa, baada ya turbo.* Hapa tunapata msukumo wa hewa. Ni pahali pazuri kwa vitu vinavyohitaji kujua turbo inasukuma kiasi gani: manometre ya turbo, na kile kitu cha mviringo juu ya pompi ya mazutu kinachoongeza mazutu wakati hewa imeongezeka. Kwa servo ya motere ya mazutu, hapana. Mara nyingi haitapata mvuto wowote. Na ikiwa tiyo haina klape ya kuzuia kurudi, msukumo wa turbo utaingia ndani ya servo na kusukuma ngozi kwa upande usiofaa. Pedali itakuwa ngumu, na ngozi inaweza kupasuka.

*Mdomo wa pili: kati ya filtri ya hewa na turbo.* Hapa kuna mvuto, ni kweli, na njo maana unadanganya watu. Ni mvuto mdogo sana wakati motere inazunguka polepole, hautoshi servo. Unaongezeka filtri ikijaa vumbi, na hiyo ni ugonjwa, siyo msaada. Tena kuna hatari nyingine: tiyo ikipasuka pale, motere inanyonya vumbi la barabara bila kulipitisha kwenye filtri. Mabawa ya turbo yanazunguka mbio sana, na mchanga unayakula.

*Mdomo wa tatu: tiyo ya mvuke wa mafuta inayotoka kwenye motere.* Kazi yake ni kutoa moshi na mvuke wa ndani. Hapa hakuna mvuto wa kutosha, kuna mafuta. Mafuta ya motere yakiingia ndani ya servo yanaharibu mpira. Usiguse.

*Mdomo wa nne: pompi ya vide.* Hapa njo pahali pa freni. Pompi inanyonya wakati wote motere inazunguka, shofere akikanyaga mafuta ao asipokanyaga, turbo ikisukuma ao isiposukuma. Ukifunga turbo kwenye motere ya mazutu, tiyo inayotoka kwenye pompi kwenda kwenye servo haina sababu ya kuguswa. Ilipokuwa, ibaki pale.

Kanuni ya kuweka kichwani ni fupi: kitu kinachotaka msukumo kinaenda kwenye bomba baada ya turbo, kitu kinachotaka mvuto kinaenda kwenye pompi.

Mtu ataniuliza: na gari la esanse lenye turbo? Hapo hali ni ya katikati. Shofere akiacha mafuta, mvuto unarudi ndani ya bomba. Akikanyaga, msukumo unaingia. Kwa hiyo magari hayo yanaweza kuchukua mvuto pale, lakini sharti klape iwe nzima, ili ifunge wakati turbo inasukuma. Nyingine zinaongezewa pompi. Usibadilishe alichopanga mtengenezaji.

Ikiwa kitu cha pili kinahitaji mvuto

Siyo servo peke yake inayovuta hewa. Kwenye magari mengine 4x4 ya mbele inaingia kwa mvuto wa hewa. Kwenye motere nyingine kuna klape ya moshi ao chombo cha kuongoza turbo kinachotumia mvuto ule ule. Ikiwa fundi anataka kuongeza tiyo, atachukua wapi?

Angalia kwanza klape ya servo. Ni kitu kidogo cha plastiki, ndani ya tiyo ao kwenye mdomo wa servo. Inaacha hewa itoke kwenye servo kwenda kwenye pompi, lakini haiiruhusu irudi. Motere ikizimika ghafula, klape njo inayohifadhi mvuto uliobaki ndani ya servo, akiba ya kukanyaga freni mara mbili ao tatu.

Ukikata tiyo kati ya klape na servo ili kufunga kitu kingine, umefungua ghala la freni. Siku kile kitu kikivuja, akiba yote inapotea. Kwa hiyo, tawi la pili lifungwe upande wa pompi, kati ya klape na pompi, hata siku moja lisiwe upande wa servo. Lililo bora zaidi ni kulipa tawi hilo tiyo nyembamba na klape yake lenyewe. Hivi, likivuja, linapunguza kazi ya pompi lakini haliondoi akiba ya freni. Na kama kitu hakina lazima, usikiongeze kabisa. Tiyo ya freni ni kama mbegu ya msimu ujao: haigawiwi.

Mteremko wa Marungu, na tabia ya kuzima motere

Kwa nini jambo hili lina uzito kwetu? Ziwa letu liko kwenye metre 770 hivi juu ya bahari. Milima ya Marungu inapita metre 2.000. Gari linalotoka juu na maharagwe, likishuka Kirungu mpaka bandari ya Moba, linashuka na mzigo wote unaolisukuma nyuma.

Tena, huko juu hewa yenyewe ni nyepesi. Servo inategemea uzito wa hewa ya nje; kwenye metre 2.000 uzito huo umepunguka karibu sehemu moja juu ya saba ukilinganisha na hapa ziwani. Pompi iliyochoka, ambayo hapa Kalemie inajikaza na kutosha, kule juu inaonyesha udhaifu wake, na ni pale pale freni inahitajika zaidi.

Halafu kuna tabia ya mashofere: kuzima motere ao kutoa vitesi kwenye mteremko ili kuchunga mazutu. Ndugu, motere ikizimwa, pompi ya vide imesimama. Inabaki ile akiba ya kukanyaga mara mbili ao tatu. Kisha pedali inakuwa jiwe. Na vitesi ikitolewa, motere haisaidii tena kuzuia gari. Mazutu unayochunga kwenye mteremko mmoja hayalingani na mguu wa mtu mmoja. Koperative iandike kanuni: mteremko unashukwa motere ikizunguka, na vitesi ndogo imeingia kabla ya kuanza kushuka.

Na ikitokea pedali imekuwa ngumu njiani? Usipige pedali mara nyingi, juu ya kila mara unamaliza akiba. Kanyaga mara moja kwa nguvu zote, shikilia, ingiza vitesi ndogo, vuta freni ya mkono kidogo kidogo. Freni ngumu bado ni freni, ila inataka nguvu.

Majaribio matatu bila chombo chochote

Majaribio haya yanaweza kufanywa na memba yeyote wa komite asubuhi, gari likiwa limesimama pahali pa sawa, na freni ya mkono imevutwa.

1. Motere ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano ao zaidi mpaka iwe ngumu. Shikilia mguu, kisha washa motere. Pedali sharti ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, servo haipati mvuto ao imeharibika.

2. Acha motere izunguke dakika moja ao mbili, kisha izime. Kanyaga polepole mara tatu, ukiacha nafasi kati. Mara ya kwanza pedali inaenda chini, ya pili inabaki juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Ikiwa ni ngumu tangu mara ya kwanza, akiba haihifadhiwi: angalia klape na tiyo.

3. Motere ikizunguka, kanyaga na ushikilie. Zima motere, endelea kushikilia sekunde 30. Pedali isipande. Ikipanda, kuna pahali hewa inaingia.

Klape pia inapimwa kwa mdomo. Itoe, ipanguse, kisha puliza. Ukipuliza kutoka upande wa servo, hewa inapita. Kutoka upande wa pompi, haipiti. Ikipita pande zote mbili, itupwe. Kwenye klape nyingi kuna mshale: ncha yake inaelekea pompi ya vide. Kuifunga kinyume ni sawa na kuziba tiyo.

Mambo ya kumwambia fundi kabla ya kulipa

Komite isitume shofere peke yake garajini. Memba mmoja aende, na aulize haya:

- *Tiyo ya servo inaanzia wapi?* Ifuate kwa kidole kutoka servo mpaka mwisho. Kwenye motere ya mazutu sharti ifike kwenye pompi. Ikiishia kwenye bomba la turbo, kazi haijaisha.

- *Tiyo ni ya namna gani?* Inatakiwa tiyo nene iliyotengenezwa kwa mvuto wa hewa. Tiyo ya kumwagilia bustani ao tiyo nyembamba ya mazutu ikipata joto inalegea, inajikunja ndani na kujiziba. Kwa macho inaonekana nzima, lakini hewa haipiti.

- *Alternata iliyobadilishwa iko na pompi?* Hili linawapata wenye Hilux za zamani. Alternata ya kuokota sokoni isiyo na pompi nyuma inachaji batri vizuri, taa zinawaka, na freni inabaki bila msaada.

- *Mafuta ya motere yamebadilishwa lini?* Pompi nyingi za vide zinalainishwa kwa mafuta ya motere, na turbo pia. Mafuta yaliyochoka yanaua vyote viwili. Ukichelewa kubadilisha mafuta, unaharibu motere, turbo na freni kwa pamoja.

- *Kuna mdomo uliozibwa kwa msumari, kijiti ao skochi?* Dawa hizo ni za kufika nyumbani tu. Siyo za kubeba mzigo.

Klape na kipande cha tiyo nzuri ni vitu vidogo ukivilinganisha na tairi moja. Lakini mara nyingi tairi linanunuliwa haraka kwa sababu kupasuka kwake kunaonekana. Tiyo ya servo haipigi kelele. Inavuja kidogo kidogo, na shofere anazoea pedali ngumu mpaka anafikiri gari limezaliwa vile.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative yenye gari iweke kazi mbili kwenye daftari lake: majaribio matatu kila mwanzo wa mwezi, na tarehe ya kubadilisha mafuta. Aliyefanya aandike jina na saini. Mavuno yanapoanza, kabla ya mfuko wa kwanza kupakiwa, mtu akanyage pedali, awashe motere, asikilize kama inashuka chini ya mguu. Isiposhuka, mifuko ibaki ghalani mpaka tiyo na klape zirekebishwe. Mahindi yanaweza kungoja siku mbili.